CD nne zimenigomea kunakili kwenye kompyuta, moja ina sauti ya mama

kinubi_cha_zamani

Habari zenu wakuu.

Baba aliniachia sanduku la CD za muziki, zipo 143. Nimeamua kuzihamishia zote kwenye kompyuta kabla hazijazeeka zaidi, na nyingi zimeingia bila shida. Nne zimenishinda, na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ina nyimbo 14. Wimbo wa 1 hadi wa 10 ni safi. Kuanzia wa 11 nasikia "tik" hapa na pale. Wimbo wa 12 nilipounakili mara ya kwanza, mlio ulikuwa dakika ya 2:14. Nikanakili upya, 2:14 pakawa safi, mlio ukahamia 2:31. Mara ya tatu ikatokea milio miwili, sehemu nyingine kabisa. Natumia programu iliyokuja na kompyuta, na mara zote tatu imeniambia kazi imekamilika. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa, maana sasa najiuliza hizo nyingine zote nilizomaliza zimeingia vipi.

Ya pili ni ya 2003. Ukiiweka tu, kompyuta inataka kufungua kichezeo cha muziki kilichomo ndani ya CD yenyewe. Kwenye redio inapiga vizuri. Nikiinakili napata sauti ya kukwaruza tupu.

Ya tatu ni ya miaka ya 1980, haina hata mchubuko. Inasomeka haraka, haina mlio wowote, lakini sauti ya faili ni kali, matoazi yanachoma masikio. CD hiyohiyo kwenye deki ya baba sauti imetulia.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Ni CD ya kuchoma, ya 2004, nyimbo 6. Mama anaimba na kikundi chake. Mama hatunaye tangu 2009 na hakuna nakala nyingine popote, nimeuliza wote waliokuwepo. Juu yake baba aliandika jina la mama na tarehe kwa kalamu ya wino ya kawaida, akakandamiza kweli. Nyimbo zote zinasikika isipokuwa wa 5: draivu inavuma, inanyamaza, inavuma tena, na faili inayotoka ina mlio wa tiktiktik wa haraka kwa sekunde kama 20.

Nifanye nini, na nitajuaje kwamba kilichoingia kwenye kompyuta ndicho hasa kilichomo kwenye CD?

---

leza780

Mkuu, kabla ya programu yoyote, safisha. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kufuata duara.

Sababu ni hii: ukichubua CD kwa mstari unaokwenda ukingoni, leza inaupita mchubuko kwa kuukata, inapoteza data kidogo tu kila mzunguko na ulinzi wa makosa unaziba. Mchubuko unaofuata duara unalala juu ya njia yenyewe, unafuta data mfululizo.

Hiyo ya kuchoma iache kwanza. Usiiloweshe mpaka wajuzi waseme.

---

Sahani12cm

Pole, na asante kwa kueleza kwa kina. Swali lako umeshalijibu nusu. Mlio unaohama kutoka 2:14 kwenda 2:31 ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Kasoro ingekuwa kwenye rekodi tangu studio, ingekaa palepale kila ukinakili. Inayohama inatoka kwenye draivu, inabahatisha.

Nieleze kwa nini inabahatisha halafu inasema imemaliza. Kanuni za CD ya muziki ziliwekwa 1980 na Philips na Sony, na walichotaka ni muziki usikatike. Sekunde moja ya sauti ni sekta 75, yaani vipande vidogo vya data, kila sekta baiti 2352. Ndani yake kuna ulinzi wa makosa wa tabaka mbili wenye nguvu kweli, unaweza kurudisha data iliyopotea kwenye kipande cha njia cha karibu milimita 2.5. Jeraha likizidi hapo, deki inakisia: inachukua sampuli (kipimo kimoja cha sauti) ya kabla na ya baada, inaweka ya kati. Sikio mara nyingi halishtuki. CD ya data haiwezi kuishi hivyo, huwezi kukisia herufi ya programu, kwa hiyo kule sekta yenye baiti 2352 hubeba data 2048 tu, na zilizobaki nyingi ni ulinzi wa tabaka la tatu. Muziki haukupewa tabaka hilo. Programu yako ikiomba sekta, draivu inaleta ilichopata, kizima au cha kukisia, na programu inapokea bila kuuliza. Wimbo wa dakika 4 una sekta 18,000. Tano zikiwa za kukisia, hakuna atakayekuambia.

Dawa ni kuuliza zaidi ya mara moja. Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy ya Andre Wiethoff, ni ya bure na ipo tangu 1998. Kwenye Mac kuna XLD, kwenye Linux whipper, ambayo usomaji wake inautegemea cdparanoia. Ukiiweka Exact Audio Copy kwenye hali salama, inasoma kila sekta angalau mara mbili. Majibu yakitofautiana inarudia na kurudia, hata mara 80 na zaidi kwa sekta zile zile, mpaka majibu ya kutosha yafanane. Yasipofanana inaandika kwenye logi, yaani ripoti ya kazi, dakika na sekunde ya mahali panapotiliwa shaka. Kwangu mimi logi hiyo ina thamani kama faili yenyewe.

Kuna mtego mmoja ambao watu wengi wanauruka, nao ni kache. Draivu ina kumbukumbu yake ndogo. Ukiomba sekta ileile mara ya pili, inaweza kukupa jibu kutoka kwenye kumbukumbu bila kurudi kwenye sahani. Hapo majibu yatafanana daima, na hayana maana yoyote. Ni sawa na kuthibitisha barua kwa kutoa fotokopi yake. Programu ina sehemu ya kupima kama draivu yako inahifadhi sauti kwenye kache. Ipime, halafu ruhusu programu iifute kache kati ya usomaji na usomaji.

Halafu kuna ofseti. Kila modeli ya draivu huanza kusoma mapema au kuchelewa kwa idadi fulani ya sampuli, na idadi hiyo haibadiliki. Nina draivu mbili mezani, moja ni +6, nyingine +667. Sampuli 667 ni kama sekunde 0.015, hutazisikia, lakini faili mbili za draivu hizo hazitalingana mpaka urekebishe. Ukiweka CD inayojulikana, AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni ya nakala za CD, itakutambulia ofseti yako.

AccurateRip ndiyo hasa inayojibu swali lako la mwisho. Watu wengi wamenakili CD ileile kwa draivu tofauti, na namba ya uhakiki ya kila wimbo, inayokokotolewa kutoka kwenye data yake, imehifadhiwa. Namba yako ikilingana na ya watu 20 usiowajua, wenye sahani nyingine na draivu nyingine, wote hamwezi kuwa mmekosea kwa namna ileile. Isipolingana, usikimbilie kusema faili ni mbovu. Huenda CD yako ilichapwa toleo tofauti. Na ikisema imelingana na mtu mmoja tu, hakikisha mtu huyo si wewe wa mwezi uliopita.

Sasa CD yako ya kwanza. Sahani husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo nyimbo za 11 hadi 14 ziko ukingoni. Ndiko vidole hushika, ndiko sahani iliyopinda kidogo huyumba zaidi, na kwenye draivu inayozunguka kwa mwendo mmoja, ndiko data hupita kwa kasi kubwa. Punguza mwendo uwe mara 8 au mara 4. Usidhani mwendo mdogo ni bora daima, draivu nyingine husoma vizuri zaidi mwendo wa kati, kwa hiyo jaribu. Azima draivu nyingine pia. Nimeona sahani inayokataliwa na draivu mpya ikisomwa yote na draivu ya zamani iliyotupwa kabatini.

Wimbo mmoja ukibaki na shaka, chukua faili zote za CD hiyo uzipitishe kwenye programu ya CUETools. Hifadhidata yake haina namba za uhakiki tu, ina pia data ya kurekebishia. Sampuli mbovu zikiwa chache, inazihesabu na kuzirudisha zilivyokuwa. Hapo hakuna kukisia, ni hesabu.

Kung'arisha sahani kwa mashine kuwe hatua ya mwisho, na ni kwa mikwaruzo ya upande unaong'aa tu. Plastiki ya chini ina unene wa milimita 1.2, inavumilia. Muziki wenyewe uko juu, chini ya maandishi, umefunikwa na rangi nyembamba tu. Jeraha la upande huo halifutiki. Inua kila CD kwenye taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, pale hakuna cha kusoma tena.

Ya nne nitairudia, nijibu kwanza jambo moja. Huo mlio wa tiktiktik, kati ya tik na tik kuna muda gani? Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, vuta karibu, upime.

---

bi_nukta

Mimi nichukue ya pili na ya tatu.

Ya tatu si mbovu hata kidogo. CD kadhaa za miaka ya mwanzo zilirekodiwa zikiwa zimepandishwa sauti za juu, karibu desibeli 10 kule juu kabisa, na sahani ikawekewa alama inayoiambia deki izishushe wakati wa kupiga. Deki ya baba yako inaisoma alama. Kompyuta inanakili namba kama zilivyo, hakuna anayeshusha. Sikio lako halijakudanganya.

Angalia alama hiyo kwenye logi. Angalizo: baadhi ya CD zimeiweka kwenye orodha ya nyimbo mwanzoni mwa sahani, nyingine zimeificha kwenye data ndogo inayoambatana na sauti yenyewe, na programu inayosoma orodha peke yake itasema haipo. Ukiithibitisha, weka faili ghafi kama ilivyo, maana hiyo ndiyo italingana na namba za uhakiki. Kisha tengeneza nakala ya kusikilizia kwa programu ya SoX ukitumia amri ya deemph.

Ya pili ni CD iliyofungwa isinakiliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kadhaa zilitoa sahani za namna hii: sehemu ya pili yenye programu ya kompyuta, na wakati mwingine makosa ya makusudi ambayo redio inayavumilia lakini draivu inachanganyikiwa. Angalia kama ina nembo ya Compact Disc, nyingi hazikuwa nayo. Usikubali kabisa kusakinisha hicho kichezeo. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich aligundua kwamba CD za Sony BMG zilikuwa zikipandikiza programu iliyojificha ndani ya Windows, na zikaondolewa sokoni. Zima ufunguzi wa moja kwa moja wa diski, au shikilia kitufe cha Shift unapoiingiza. Kwenye Linux programu hiyo haina pa kushika. Baada ya hapo jaribu draivu tofauti, maana zinatofautiana sana katika kuipuuza sehemu ya pili. Sheria za kunakili CD uliyonunua hazilingani kila nchi, soma ya kwenu.

---

kinubi_cha_zamani

Wakuu, nimekaa na hizi CD wiki nzima.

Ya kwanza: nyimbo za 11, 13 na 14 zimelingana na AccurateRip kwa mwendo wa mara 4. Wa 12 ulikataa. CUETools ikasema tofauti ni sampuli 37 na inaweza kurekebisha. Imerekebisha, imelingana. Nimesikiliza 2:14 na 2:31, ni muziki mtupu.

Ya tatu: alama ipo, haikuwa kwenye orodha, ilikuwa kwenye data ndogo. Nimefanya kama alivyosema bi_nukta. Matoazi yamekaa mahali pake. Ya pili bado, nasubiri draivu ya kuazima.

Kuhusu mlio wa wimbo wa 5: nimepima. Unaanza 1:07, unaishia 1:29. Kati ya tik na tik ni sekunde 0.17, unakaribia kulingana kabisa. Nimehesabu kama 120.

---

Sahani12cm

Nilikuwa naomba uniletee namba ya namna hiyo.

Njia ya CD hupita chini ya leza kama mita 1.3 kwa sekunde ikipigwa kwa mwendo wa kawaida. Sekunde 0.17 ni karibu milimita 221 za njia. Duara lenye mzingo huo lina nusu kipenyo cha kama milimita 35. Maana yake, kila tik ni mzunguko mmoja wa sahani ukipita juu ya jeraha lilelile moja. Na mizunguko 120 na kitu, kila mmoja ukiwa umbali wa milimita 0.0016 na mwenzake, inakupa jeraha lenye upana wa milimita 0.2. Huo ni upana wa ncha ya kalamu.

Chukua rula. Pima milimita 35 kutoka katikati kabisa ya tundu, tazama upande wenye maandishi. Sitashangaa ukikuta mstari wa kalamu uliolala kufuata duara, mrefu kupita ile 2.5 niliyosema.

Kama ni hivyo, usiifute, usiing'arishe, usibandue chochote juu yake. Kwenye CD za kuchoma ukibandua lebo unaweza kung'oa na tabaka linaloakisi. Iweke gizani, rangi inayobeba data huharibiwa na mwanga.

Hakuna AccurateRip ya CD hii, ni wewe peke yako unayo. Kwa hiyo mashahidi utawatengeneza mwenyewe. Kwanza nakili yote leo hii kwa hali yoyote, hata na milio, uwe na kitu mkononi. Kisha tafuta draivu mbili au tatu za modeli tofauti, rekebisha ofseti ya kila moja kwa kutumia CD nyingine zinazojulikana, unakili wimbo wa 5 mara kadhaa kwa kila moja kwa mwendo tofauti. Iache draivu ipoe kati ya zamu. Exact Audio Copy ina sehemu ya kulinganisha faili mbili, inakuonyesha sampuli gani zinatofautiana. Draivu tofauti hushindwa mahali tofauti. Pale ambapo draivu mbili zisizofanana zinatoa sampuli zilezile, pakubali. Pale ambapo hazikubaliani, andika wakati wake pembeni, na usiziruhusu programu za kusafisha sauti ziguse faili kuu.

---

kinubi_cha_zamani

Mkuu, nimeukuta. Tarehe imeandikwa 8-2004, na kistari kati ya 8 na 2004 kiko milimita 35 kutoka katikati. Kina urefu wa milimita 4, kimelala kufuata duara. Nimekiinua kwenye taa, mwanga haupenyi, umefifia tu. Jina la mama liko karibu na ukingo, ambako hakuna muziki, CD ni ya dakika 25 tu.

Nimetumia draivu tatu. Ya laptop haikufaa kitu kwenye wimbo huo. Ya nje ya USB ilipunguza milio hadi kama 50. Ya tatu ilitoka kwenye kompyuta ya zamani ya mwenzangu kazini, haikuwa imewashwa miaka mingi, na kwa mwendo wa mara 4 ilisoma karibu kote. Nilinakili mara nane kwa hiyo moja, mara nane kwa ile ya USB, nikalinganisha. Nyimbo nyingine tano zimelingana sampuli kwa sampuli kwenye draivu zote. Wimbo wa 5 zimebaki sehemu 9 ambazo hazikubaliani, fupi fupi, zote kati ya 1:07 na 1:15. Nimeziorodhesha kwenye faili ya maandishi, nikaiweka pamoja na FLAC (faili za sauti zisizopoteza ubora), logi zote na picha ya sahani pande zote mbili.

Kwenye 1:20 kikundi kinanyamaza, halafu mama anaingia peke yake. Kabla hajaingia anavuta pumzi. Kwenye nakala ya kwanza tik ilikuwa imekaa juu yake, sikujua kama ipo.

---

Sahani12cm

Itunze hiyo sahani, usiitupe kwa kuwa umeshanakili. Nina draivu ya nne hapa ya modeli nyingine kabisa. Nitumie ujumbe faraghani tupange jinsi ya kukufikishia, tujaribu zile 9.